Kutoka wodini hadi ghalani: namna ya kuubeba ujuzi wako kwenda kazi nyingine

Usaili wangu wa kwanza nje ya hospitali ulimalizika kwa dakika 12. Nilikuwa nesi wa miaka 11, 6 kati ya hiyo kitengo cha dharura, nikiomba nafasi ya uratibu katika kampuni ya kusafirisha shehena. Wasifu wangu ulijaa sifa nilizozikuta kwenye wasifu za wenzangu: mchapakazi, mwaminifu, anayeweza kufanya kazi kwenye mazingira yenye shinikizo. Mzee mmoja kwenye jopo akavua miwani, akaniuliza kwa upole kabisa, "Shinikizo gani, binti yangu?"

Sikuwa na jibu. Juzi yake usiku nilikuwa nimepokea majeruhi 4 wa ajali moja kwa mpigo, nikapanga nani aonwe kwanza na nani asubiri, nikamtuliza ndugu aliyekuwa akigombana na mlinzi mlangoni, na saa 1 asubuhi nikakabidhi zamu bila dozi hata moja kurukwa. Yote hayo yalikuwa kichwani. Lakini nilizoea kuyaita "kazi ya unesi", na kwenye chumba kile hakuna aliyekuwa anatafuta nesi. Nikasema, "Shinikizo la kazi." Wakanishukuru, nikatoka.

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Nakubali, ila unaweza kuwa bubu, na hapo ndipo wengi tunapokwama tukitaka kuhama fani. Haya ninayoandika ni mambo niliyoyafanya baada ya aibu ile, hadi nikaajiriwa na kampuni nyingine, kitengo cha shehena zinazohitaji baridi. Mfano ni wa nesi kwa sababu ndiyo kazi niliyoijua. Wewe weka hapo ualimu, ushonaji, ukeshia au udereva. Njia haibadiliki sana.

Anza na vitenzi, cheo kiweke pembeni

Chukua daftari dogo linaloingia mfukoni. Kwa wiki 2, kila unapomaliza kazi, andika ulichokifanya siku hiyo kwa mikono yako na kwa mdomo wako. Kila mstari uanze na kitenzi: nilihesabu, nilipanga, nilimweleza, nilikagua, nilikataa. Sifa hazina nafasi humo. Kipimo changu kilikuwa hiki: kama mtu angekuwa amesimama kona na kamera, angeweza kukirekodi? "Nilikuwa mvumilivu" hairekodiki. "Nilimweleza mzee asiyesikia vizuri ratiba ya vidonge mara 3, kisha nikamwomba anieleze yeye" inarekodika, tena mtu wa fani yoyote ataielewa.

Siku 3 za mwanzo utaandika mistari 4 na kuona umemaliza. Endelea. Mambo yenye thamani ni yale uliyoyazoea mpaka huyaoni tena. Kwangu lilikuwa kabati la dawa zinazodhibitiwa, zile kali za maumivu. Kila zamu inapobadilika, manesi 2 hufungua kabati, huhesabu ampuli moja moja, hulinganisha na rejista, na wote wawili hutia saini. Ikipungua moja, hakuna anayeondoka mpaka ijulikane ilipo. Nilikuwa nimeifanya hesabu hiyo kwa miaka 11 na siku zote niliiona kama kero ya kunichelewesha nyumbani. Kumbe kuna watu wanaajiriwa kwa kazi hiyo tu, na inaitwa udhibiti wa mali ghalani.

Kitu kingine cha kuandika: wenzako hukuita kwa jambo gani? Simaanishi unachotakiwa kufanya kwa mujibu wa barua ya ajira. Namaanisha pale mambo yanapoharibika, mtu anapotokeza kichwa mlangoni na kusema, "Hebu njoo wewe." Mimi niliitwa jokofu likizima, hesabu ikikataa, au wagonjwa wakifurika na hakuna anayejua aanzie wapi. Ndugu wa mgonjwa wakikasirika aliitwa mwenzangu mwingine, na kwa haki kabisa, maana yeye alikuwa na ulimi wa asali.

Mwisho wa wiki 2 nilikuwa na mistari 163.

Chambua, kisha weka alama mbili

Mwaka 1965 Wizara ya Kazi ya Marekani, katika toleo la tatu la kamusi yake kubwa ya kazi, iliainisha kila kazi kwa kuuliza inashughulika vipi na mambo matatu: taarifa, watu na vitu. Mfumo wenyewe umeshapitwa, lakini ule utatu bado ni ungo mzuri. Pitia daftari na uandike T, W au V pembeni ya kila mstari.

Nilidhani mimi ni mtu wa watu. Nesi atakuwa nani mwingine? Daftari likanikatalia: zaidi ya nusu ya mistari ilikuwa T na V.

Halafu weka alama ya pili, na hii usiiruke. Nyota kwenye kila jambo ambalo ungelifanya tena kesho kwa hiari yako. Msalaba kwenye jambo unaloliweza lakini limekuchosha. Mimi niliweza sana kuwapa ndugu taarifa za msiba. Niliifanya vizuri, na kila mara nilikwenda kukaa chooni dakika 5. Nikaweka msalaba. Ujuzi ukishautangaza, utapewa kazi ya kuutumia. Kwa hiyo wa msalaba uache kwenye daftari, hata kama ndio unaosifiwa zaidi.

Jifunze wenzako wa upande wa pili wanaliitaje jambo lilelile

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko kwingine kote, na kama ningeruhusiwa kukushauri jambo moja tu lingekuwa hili.

Kusanya matangazo 20 ya kazi unayoitaka. Usitume maombi bado. Yachapishe au yaweke kwenye faili moja, kisha pigia mstari vitenzi na majina ya kazi yanayojirudia. Chora jedwali la safu mbili: kushoto maneno ya daftari lako, kulia maneno ya matangazo. Sehemu ya jedwali langu ilikuwa hivi:

- Kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao: kuweka vipaumbele maombi yanapozidi uwezo wa timu.
- Kukabidhi zamu: kuhamisha jukumu bila taarifa kupotea.
- Kuandika faili la mgonjwa kila tukio na saa yake: kutunza kumbukumbu zinazoweza kukaguliwa.
- Kuweka mbele dawa zinazokaribia mwisho wa muda: kanuni ambayo watu wa ghala huiita FEFO, yaani kinachoisha muda mapema ndicho kinatoka mapema.
- Kusoma kipimajoto cha jokofu la chanjo asubuhi na jioni: ufuatiliaji wa mnyororo baridi.

Mstari wa mwisho ndio ulionipa nafasi. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi, tangu kiwandani hadi kwenye mkono wa anayechomwa. Mimi nilikuwa mwisho wa mnyororo huo. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu katikati yake, kwenye maghala na malori, wanaohangaika na nyuzi zilezile.

Matangazo yakiwa machache, kuna hazina mbili za bure kwenye intaneti. O*NET ya Marekani, iliyochukua nafasi ya ile kamusi, inaeleza mamia ya kazi kwa majukumu na ujuzi unaohitajika. ESCO ya Umoja wa Ulaya inafanya hivyo kwa lugha nyingi. Tafuta kazi yako ya sasa, kisha unayoitaka, uone maneno gani yanatokea kote kuwili. Usifuate kila kinachosemwa humo, kwa sababu ni picha ya jumla, lakini kwa kuokota msamiati ni mahali pazuri.

Ukishaonja utamu wa kutafsiri, utashawishika kuongeza chumvi. Usifanye hivyo. Nesi wa zamu hawezi kugeuka "mkuu wa operesheni za usiku" kwa sababu tu maneno yanapendeza. Tafsiri yako iwe ya namna ambayo mkuu wako wa zamani, akipigiwa simu na kusomewa mstari huo, atasema, "Ndiyo, alikuwa anafanya hivyo."

Kama bado una wasiwasi kwamba ujuzi wa kweli huweza kuvuka fani, tazama orodha hakiki. Tarehe 30 Oktoba 1935 ndege mpya ya Boeing iliyokuwa ikijaribiwa kwa ajili ya jeshi la Marekani iliruka Wright Field, Ohio, ikaanguka. Haikuwa na hitilafu ya kiufundi. Wafanyakazi wake walisahau kufungua kufuli linalozuia mabawa ya usukani yasitikiswe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa. Rubani alikuwa mzoefu sana. Baada ya hapo marubani wakaanza kusoma orodha fupi kabla ya kuruka, hata mambo wanayoyajua kwa moyo. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani likatoa orodha ya usalama wa upasuaji, inayosomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Leo kwenye ghala letu dereva hawezi kuondoka kabla mtu hajamsomea mambo 9, na mtu huyo mara nyingi ni mimi. Rubani, mpasuaji, dereva wa lori la baridi: kitendo kimoja.

Vitu visivyohama

Sasa upande ambao walimu wa semina huwa wanaupita kimya kimya. Si kila kitu kinahama.

Kusoma karatasi ya mapigo ya moyo hakukuhama. Kutafuta mshipa kwa mtoto aliyeishiwa maji mwilini, jambo nililojivunia kuliko yote, halikuhama. Heshima pia haihami. Wodini nikisema "Msogezeni huyu sasa hivi," watu walikimbia. Ghalani nikisema hivyo, kijana wa forklifti aliniangalia kama mtu aliyepotea njia. Na mtandao wa watu unaowajua unabaki nyuma karibu wote.

Kuna pia fani ambazo mlango wake ni leseni tu. Kama kazi unayoitaka haifanywi bila kusajiliwa na bodi au kufaulu mtihani wa kisheria, tafsiri ya maneno haitakusaidia. Jua hilo kabla hujatumia miezi 6 kuandika wasifu.

Pengo linalobaki lipime kwa matangazo yaleyale 20. Yangu yalisema hivi: Excel ilitajwa mara 17, hati za usafirishaji mara 14, Incoterms (masharti ya kimataifa ya kukabidhiana mizigo) mara 11, na diploma ya ugavi mara 6 tu. Basi nikaachana na diploma, ingawa kila ndugu aliyesikia mpango wangu alinishauri nirudi darasani kwanza. Huenda ningeihitaji kwa cheo cha juu zaidi. Kwa kuingia mlangoni, haikuhitajika.

Excel nilijifunza kwa kutengeneza jedwali la dawa za wodi yangu mwenyewe, kwa kuwa mafunzo ya video yenye mifano ya mauzo yalinipa usingizi. Incoterms zilinitisha kwa wiki nzima. Ni masharti 11 katika toleo la 2020, yanayotolewa na Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara kilichoko Paris, na kila moja lina herufi 3 zisizokumbukika. Kisha siku moja nikiwa kwenye makabidhiano ya zamu nikaelewa. Kwa sehemu kubwa masharti yale yanajibu maswali mawili: mzigo ukiharibika dakika hii, hasara ni ya nani? Na gharama ya hatua hii analipa nani? Ni makabidhiano, ila mgonjwa amekuwa kontena. Baada ya hapo nilizikariri kwa jioni 3. Ukikutana na jambo geni, litafutie ndugu yake katika kazi yako ya zamani kabla hujaanza kulikariri.

Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja

Kosa la usaili wangu wa kwanza halikuwa maneno peke yake. Nilikuwa nataka kubadili mambo mawili kwa ruka moja: aina ya kazi na sekta. Mwajiri aliona mtu asiyejua kazi wala biashara yake.

Nikarudi nyuma hatua moja. Hospitalini palikuwa na stoo ya dawa. Nikaomba kuhamishiwa huko: sekta ileile, kazi nyingine. Matroni alikataa papo hapo. "Sista, wewe nikikupeleka stoo, usiku nimwachie nani?" Sikubishana. Nikamwomba kabati moja tu la wodi yetu, nilipange na kulihesabu kwa miezi 2 ndani ya saa zangu za kawaida. Ilipofika robo ya mwaka, wodi yetu peke yake haikuwa na dawa iliyoisha muda. Mfamasia mkuu ndiye aliyekwenda kuniombea kwa matroni, na mimi nikakaa kimya.

Nilikaa stoo miezi 14. Nilipoingia, katika robo ya kwanza tuliteketeza maboksi 31 ya dawa zilizopitwa na muda. Robo yangu ya mwisho yalikuwa 4. Namba hizo ndogo zilinisaidia kuliko vyeti vyote vya ukutani, kwa sababu nilizihesabu mwenyewe na ningeweza kuzieleza usingizini.

Huenda kwako hakuna stoo ya kuhamia. Tafuta basi mahali pengine pa kufanyia kitendo kile: kamati, chama, mradi wa miezi 3, kazi ya muda mwishoni mwa wiki. Shabaha ni kupata ushahidi mmoja wa kazi mpya ukiwa bado umesimama kwenye ya zamani.

Waulize walio ndani

Niliongea na watu 5 wa usafirishaji, kila mmoja dakika 20, kwa simu au ana kwa ana. Usiombe kazi kwenye mazungumzo hayo. Watu wananusa, na wakinusa wanajifunga. Mmoja alinikatisha tamaa waziwazi, akasema wauguzi warudi kwa wagonjwa. Sawa, na yeye nilimshukuru.

Swali lililozaa zaidi lilikuwa hili: "Wiki iliyopita, ni jambo gani lilikuharibia siku?" Watatu kati ya 5 walinipa kisa kimoja kwa sura tofauti. Lori limefika, hati hazijafika. Wa mchana anasema alimwambia wa usiku, wa usiku anasema hakuambiwa, na hakuna kilichoandikwa popote. Nilikuwa nawasikiliza huku moyoni nacheka. Hilo nilikuwa nalitibu kila siku saa 1 asubuhi na saa 1 jioni.

Wasifu mpya

Uwe ukurasa mmoja, au miwili kama una miaka mingi. Juu kabisa usianze na cheo cha zamani. Anza na mistari 3 ya vitendo vinavyohusiana na kazi unayoomba, kisha historia ifuate. Ondoa lugha ya ndani ya fani yako yote. Mstari wangu wa zamani ulisema: "Kutoa huduma bora za uuguzi kwa wagonjwa wa dharura." Mpya ulisema: "Nilipokea na kupanga kwa vipaumbele wastani wa wagonjwa 40 kwa zamu ya saa 12, nikiwa na timu ya watu 5, na kukabidhi kila zamu kwa maandishi."

Umeona kwamba neno "bora" limetoka? Namba imekaa mahali pake. Ila usiweke namba usiyoweza kuitetea. Nami nilitaka kuandika 50, ndiyo maana nasema. Nikarudi kwenye daftari, nikakuta 40.

Barua ya maombi iwe fupi, na iseme wazi unahama. Nilisoma ushauri mahali fulani kwamba ufiche kuhama kwako hadi usaili. Ni ushauri mbovu. Anayesoma wasifu ataliona tu, na usipolisema wewe atajitungia sababu, na itakuwa mbaya kuliko yako. Sentensi yangu ilikuwa: "Nimetumia miaka 11 mwisho wa mnyororo baridi, naomba kuhamia katikati yake."

Kwenye usaili, simulia usiku mmoja

Andaa visa 5 au 6 kutoka kwenye daftari, kila kimoja kisizidi dakika 2. Mpangilio nilioutumia ni ule tunaompigia nao daktari usiku, ambao asili yake inasemwa kuwa ni manowari za jeshi la majini la Marekani: hali ikoje, ilianzaje, mimi naionaje, napendekeza nini. Kwa usaili ongeza la tano: mwisho wake ulikuwaje. Visa hivyo visimulie kwa sauti, peke yako au kwa mtu asiyejua kazi yako. Akiuliza maana ya neno, lifute.

Kisa changu kikuu kilikuwa cha saa 8 usiku. King'ora cha jokofu la chanjo kililia. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 11. Niliandika saa na kiwango. Nikapanga vifurushi vya ubaridi kwenye boksi na kuweka kitambaa katikati ili chanjo zisigusane na barafu, nikazihesabu zikiingia, nikazihamishia jokofu la wodi jirani na kubandika karatasi "USITUMIE". Nikampigia mfamasia wa zamu. Sikuzitupa, wala sikuamua kwamba ni nzima. Uamuzi ule haukuwa wangu, na asubuhi mfamasia aliufuatilia kwa mtengenezaji.

Jopo hili la pili lilikuwa na dada mmoja aliyekuwa ananitega tangu mwanzo. Akauliza, "Na mzigo ukifika umepitiliza baridi, umeganda kidogo, si ni afadhali kuliko joto?" Nikamwambia hapana. Chanjo kama ya homa ya ini B au pepopunda zinaharibiwa zaidi na kuganda kuliko na joto la muda mfupi; zikishaganda, hata zikiyeyuka hazirudi, na kwa macho unaweza usione tofauti. Akaandika kitu. Baadaye, tukiwa tumeshakuwa wafanyakazi wenza, aliniambia kwamba waombaji wengine 3 wa siku ile, wote wenye diploma za ugavi, walijibu kwamba ni afadhali.

Swali la "kwa nini unaacha" litakuja, lifanyie mazoezi zaidi ya yote. Hata kama umechoka, hata kama umedhulumiwa, zungumzia unakokwenda. Mimi nilisema napenda sehemu ile ya kazi ambayo kila kitu kinahesabiwa na kukabidhiwa, na nataka niifanye siku nzima. Ulikuwa ukweli. Haukuwa ukweli wote, na hawakuuliza wote.

Miezi ya mwanzo

Mshahara wangu ulishuka, na mkuu wangu alikuwa mdogo kwangu kwa miaka 9. Jipange kwa yote mawili kabla ya kusaini, la kwanza kwa akiba na la pili kwa kuumeza ulimi.

Sikuumeza vizuri. Wiki ya kwanza niliona fomu yao ya kupokea mizigo, nikaibadilisha yote usiku mmoja na kuileta asubuhi nikitabasamu. Hakuna aliyeitumia. Vijana walikuwa na sababu ya kila kisanduku nilichokifuta, ila hakuna aliyekuwa ameniambia kwa sababu sikumuuliza mtu. Nilipaswa kufanya kama nilivyofanya kwa lile kabati la wodini: kuomba kipande kimoja. Mwezi wa tatu niliomba daftari la makabidhiano kwenye mlango mmoja tu kati ya milango 6. Kwa wiki 2 wa usiku aliandika "hakuna jipya" kila siku. Kisha lori moja likaja bila hati, naye akaandika nusu ukurasa, saa zote zikiwemo, kwa hasira. Mwezi wa tano milango yote 6 ilikuwa na daftari.

Na maneno ya zamani yatakutoka. Mara mbili nimeita kontena "mgonjwa" mbele ya mteja. Vijana bado wananiita Sista.

Jambo moja la mwisho la vitendo: kama fani unayoiacha ina leseni, usiiache ife. Soma masharti ya kuihuisha, ada yake na saa za mafunzo zinazodaiwa, uyaandike kwenye kalenda ileile ya kazi mpya. Yangu huwa naihuisha kila inapofika tarehe, na mara moja kila baada ya miezi 2 nafanya zamu ya Jumamosi kwenye kliniki ya chanjo. Jokofu lao linasoma nyuzi 4.